Saa za Binti ni za Nani?



Kila mwezi wa Septemba, shule zetu zinapofungua milango, maswali ya wazazi katika parokia huwa yale yale: malipo ni kiasi gani, sare inashonwa wapi, na ni wanafunzi wangapi waliofaulu Mtihani wa Taifa mwaka uliopita. Ni maswali ya haki, kwa maana mzazi anayejinyima ili mtoto wake asome anastahili kujua anacholipia. Hata hivyo lipo swali jingine ambalo ni nadra kusikika. Kengele ya mwisho ikiisha kulia, yule binti tuliyemwandikisha anakwenda wapi, anajifunza nini, na pamoja na nani? Na je, anazo saa za kufanya hivyo?

Tunauliza hasa kuhusu shule za sekondari za wasichana zilizo chini ya Kanisa, zile ambamo wengi wenu mnasoma, au dada zenu wanasoma. Katika shule hizo kuna mengi yanayofanyika nje ya darasa: midahalo, tamthilia, kwaya, mpira wa kikapu, bustani, ziara za masomo, huduma kwa wagonjwa, mafungo ya kiroho. Watu wengi huyahesabu hayo kuwa burudani, au zawadi ya mwanafunzi ambaye amekwisha kufanya vizuri darasani. Sisi tunaona vingine. Tunaamini kwamba hayo ni sehemu ya elimu yenyewe. Tena, kwa kuwa saa za mchana za wasichana wengi haziko mikononi mwao, shule, familia na parokia zina wajibu wa kuwapatia saa hizo. Haitoshi kutangaza kwamba mlango uko wazi na anayetaka aingie, maana kutaka ni jambo moja, na kuweza ni jambo lingine.

Wima, tuendelee

Kule Bukavu kuna shule ya sekondari ya wasichana inayoitwa Lise Wima. Huku Lubumbashi iko nyingine inayoitwa Lise Tuendelee. Majina hayo yote mawili ni ya Kiswahili, na kila moja linabeba fundisho. Wima ni hali ya mtu aliyesimama bila kuinama. Tuendelee ni neno la wingi: halisemi kwamba niendelee peke yangu, linasema twende mbele sote. Tukiyaweka pamoja tunapata mpango mzima wa malezi, yaani binti anayesimama mbele ya watu bila hofu, na anayekwenda mbele pamoja na wenzake.

Lakini je, mtu hujifunzaje kusimama wima ikiwa kutwa nzima ameketi kwenye dawati akinakili ubaoni? Na atajifunzaje kuendelea na wenzake ikiwa kila mtihani humtaka afunike karatasi yake kwa mkono, jirani asione? Darasa lina kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa. Ila kuna mambo ambayo darasa peke yake haliwezi kuyatoa, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Hapa inafaa kukumbuka jinsi Kanisa lilivyozipata upya shule hizi. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilizitaifisha shule za madhehebu ya dini. Tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba uliorudisha usimamizi wake mikononi mwa Kanisa, huku shule zikibaki mali ya Taifa au zikifuata taratibu zake. Tangu hapo, programu ya masomo ni ile ya Taifa, na mtihani wa mwisho ni ule ule wanaoufanya wanafunzi wote wa nchi. Basi, ikiwa programu ni moja na mtihani ni mmoja, shule ya Kikatoliki inatofautiana na nyingine kwa kitu gani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulijibu kwamba alama ya pekee ya shule hiyo ni kujenga jumuiya inayoishi roho ya Injili, roho ya uhuru na mapendo. Roho hiyo hainakiliwi daftarini. Huonekana pale wasichana wanapopanga jambo pamoja, wanapogawana kazi, wanapokosana na kupatana, na wanapomhudumia mtu ambaye hawezi kuwalipa.

Kuketi miguuni pa Mwalimu

Injili ya Luka, sura ya 10, inatueleza habari za nyumba ya dada wawili, Marta na Maria. Mara nyingi tumehubiriwa kwamba Marta ni mfano wa kazi na Maria ni mfano wa sala. Ni mafundisho mema. Lakini tusipite haraka juu ya neno moja: Maria aliketi miguuni pa Bwana. Katika lugha ya Wayahudi wa wakati ule, kuketi miguuni pa mtu kulikuwa ndiko kuwa mwanafunzi wake. Mtakatifu Paulo, alipotaka kueleza shule aliyosoma, alisema kwamba alilelewa miguuni pa Gamalieli. Hayo yameandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 22. Kwa hiyo Maria hakuwa anapumzika wala hakuwa mvivu. Alikuwa anasoma.

Na nani aliyemwita atoke masomoni? Ni kazi za jikoni. Marta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelemewa, na alitaka msaada wa mtu wa pekee ambaye desturi ilimruhusu kumwita, yaani mwanamke mwenzake. Hatusomi kwamba alimwita mwanamume yeyote aje kuteka maji. Yezu akamjibu kwamba Maria amechagua fungu lililo jema, na kwamba hataondolewa fungu hilo. Hapo Bwana alitetea saa za mwanamke za kujifunza.

Tuitazame sasa nyumba yetu wenyewe. Binti anatoka shuleni saa saba mchana. Kabla hajavua sare anatumwa bombani, na kama bomba halitoi maji anakwenda kwenye kisima cha jirani na kupanga foleni. Akirudi anawasha makaa, anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, anasonga bukari, anachambua sombe. Umeme ukikatika jioni, saa zake za kusoma zimekwisha. Kaka yake, mwenye umri ule ule na njaa ile ile, amekwisha kwenda uwanjani. Hakuna aliyemwuliza aliko, na akirudi atakuta chakula. Hatusemi kwamba kazi za nyumbani ni aibu. Ni kazi za heshima, na Mama Maria wa Nazareti alizifanya. Tunasema kwamba kazi hizo zimemwangukia mtoto mmoja, na kwamba mzigo huo ndio sababu ya kwanza inayowafanya wasichana wengi wasionekane katika klabu ya mdahalo inayokutana saa tisa alasiri. Mlango wa klabu uko wazi, lakini yeye yuko bombani.

Kutoka Mornese hadi Katanga

Wako walioliona jambo hili kabla yetu. Katika kijiji cha Mornese, kaskazini mwa Italia, alizaliwa mwaka 1837 msichana wa wakulima aitwaye Maria Domenica Mazzarello. Alikuwa na nguvu za kulima kama wanaume, mpaka mwaka 1860 alipougua homa kali alipokuwa akiwauguza jamaa zake. Alipona, lakini nguvu za shambani hazikurudi. Ndipo yeye na rafiki yake Petronilla walipoamua kujifunza ushonaji, ili nao wawafundishe wasichana wa kijiji. Pamoja na sindano walifundisha katekisimu, na siku za Jumapili waliwakusanya wasichana wacheze, waimbe na watembee pamoja. Maria Domenica mwenyewe alijifunza kuandika akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Hakungoja awe msomi ndipo awalee wengine.

Tarehe 5 Agosti 1872, yeye pamoja na Mtakatifu Yohane Bosco walianzisha shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo, ambalo sisi tumezoea kuliita Masista wa Don Bosco. Kanisa lilimtangaza Maria Domenica kuwa mtakatifu mwaka 1951. Wasalesiani wa kiume walifika Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville wakati ule, mwaka 1911. Masista wao walifuata katika miaka ya 1920. Malezi hayo ya Don Bosco yana vipimo vinne: nyumba inayopokea, parokia inayohubiri Injili, shule inayoandaa kwa ajili ya maisha, na uwanja ambamo marafiki hukutana. Vijana, tazameni vizuri: uwanja umehesabiwa pamoja na parokia na shule. Haukutajwa kama kitu cha kuongezea pale fedha inapobaki.

Papa Fransisko naye, katika barua yake kwa vijana ya mwaka 2019, Christus Vivit, alionya kuhusu shule za Kikatoliki zinazojifanya kama handaki la kujikinga na dunia, na akataka elimu inayounganisha akili, moyo na mikono. Handaki humlinda aliye ndani, lakini siku atakapotoka hajui njia.

Kile ambacho kitabu hakitoi

Tuchukue mfano wa mji wetu wa Lubumbashi. Mwanafunzi wa sayansi hujifunza katika somo la kemia jinsi madini yanavyogeuzwa kuwa metali. Anaandika alama na namba, anazikariri, anazirudisha katika mtihani. Na kila siku anapopanda basi anaiona dohani ndefu ya kiwanda cha kuyeyushia shaba na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho kando yake. Shaba ya kwanza ya mji huu iliyeyushwa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Je, wangapi kati ya wasichana wetu wamewahi kuongozwa na mwalimu wao mpaka mahali pa kuuliza: moshi ule ulikuwa na nini ndani yake? Maji ya mito yetu yamepatwa na nini? Ni nani anayepata faida, na ni nani anayepata kikohozi? Binti aliyeuliza maswali hayo mara moja hatasoma kemia tena kwa namna ile ile. Huenda akataka kuwa mhandisi, au daktari, au wakili wa kijiji chake. Huenda pia akaelewa kwa nini Papa Fransisko aliandika Laudato Si', mwaka 2015, kuhusu dunia kama nyumba yetu ya pamoja.

Mfano wa pili ni mdahalo. Darasani mwanafunzi hujibu akiulizwa, na mara nyingi jibu sahihi ni moja. Katika mdahalo hupewa upande ambao pengine yeye mwenyewe haukubali, akatafuta sababu, akasimama, akasikilizwa, akapingwa, akajibu bila kutukana. Ustadi huo una faida gani? Una faida siku atakapokuwa katika baraza la familia wanapojadili kumwoza kabla hajamaliza masomo. Una faida siku mkubwa kazini atakapomtaka alipie ajira kwa mwili wake. Una faida katika kikao cha jumuiya ya msingi, ambamo mara nyingi akina mama ndio wengi na akina baba ndio wasemaji. Sauti ya kukataa haitoki ghafula siku ya hatari. Hufanyiwa mazoezi katika siku za amani.

Mfano wa tatu ni huduma. Wapo wasichana wanaokwenda na sista mara moja kwa mwezi kuwatembelea wazee wasio na watu, au wagonjwa waliosahauliwa na jamaa zao. Huko huosha nguo, husoma Injili, husikiliza masimulizi. Hawapewi alama. Lakini ni huko wanakotambua kwamba elimu ni deni. Mama yetu Maria, akiwa angali msichana, alipopata habari za Elizabeti hakubaki nyumbani kutafakari peke yake. Aliondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani, akakaa huko kama miezi mitatu. Na utenzi wake mkuu wa sifa, ule tunaouimba katika Masifu ya Jioni, hakuusema Nazareti. Aliusema ugenini, katika safari ya huduma.

Kanisa letu la Kongo lina mashahidi wa jambo hili. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kukataa kuisaliti nadhiri yake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bafwabaka. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, alikuwa amezoea kutumia saa zake pamoja na watoto wa mitaani katika jumuiya ya Sant'Egidio. Alitangazwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Hakuna mtihani ulioandikwa ambao ungeweza kupima ushujaa wao. Yeye aliyezoea kugawana chakula na mtoto wa mtaani alijua vizuri sahani ambamo mchele ule mbovu ungeishia.

Si kila shughuli ni malezi

Tukisema hayo, ni lazima pia tuseme ukweli mwingine. Sio kila kitu kinachowatoa wasichana darasani kinawalea. Mgeni mkubwa akija, wanafunzi huamriwa waache masomo, wavae vitenge, wacheze ngoma juani kwa saa tatu, wagawe vinywaji, kisha wafagie uwanja. Huitwa shughuli ya utamaduni. Mahali pengine wanafunzi hulima shamba la mtu, au hubeba matofali ya jengo lisilo la shule, na huitwa kazi za mikono. Katika sikukuu za parokia zetu wenyewe, kundi la vijana linapogawana kazi, wavulana hushika vipaza sauti na wasichana hushika sufuria.

Tunapendekeza kipimo chepesi. Shughuli ikiisha, binti aulizwe: Umejua nini ambacho hukukijua? Unaweza nini ambacho hukukiweza? Umeamua nini wewe mwenyewe? Akikosa jibu kwa maswali yote matatu, basi tumemtumia tu, hata kama tumempigia makofi.

Vikwazo vitatu

Kikwazo cha kwanza ni Mtihani wa Taifa. Wazazi na baadhi ya walimu husema kwamba muda wa klabu huiba muda wa masomo, hasa katika mwaka wa mwisho. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa sababu cheti hufungua milango, na binti asiye na cheti huteseka kuliko kaka yake asiye na cheti. Lakini saa mbili kwa wiki hazimwangushi mtu katika mtihani. Kinachomwangusha ni kusoma bila kuelewa anachosoma, kuogopa kuuliza, na kufika kitandani akiwa amechoka kwa kazi ambazo wangegawana watu watatu. Yule aliyecheza mashujaa wa historia katika tamthilia huikumbuka historia. Yule aliyepanda mbegu na kupima ukuaji wake huielewa biolojia.

Kikwazo cha pili ni fedha. Ziara hugharimu basi na chakula. Mavazi ya tamthilia hugharimu vitambaa. Matokeo yake twayajua: walioweza kulipa wanapanda gari wakiimba, na wasioweza wanabaki nyuma ya ukuta wakisikiliza wimbo unavyokwenda mbali. Hapo tunasema bila kusitasita kwamba ziara inayowaacha maskini langoni haistahili kuitwa ya Kikatoliki. Afadhali kwenda kwa miguu mahali pa karibu, wote, kuliko kwenda mbali nusu ya darasa. Kichuguu kilicho nyuma ya shule, ambacho mafundi wetu huchimba udongo wake kufyatulia matofali, chatosha kwa somo la asubuhi nzima juu ya wadudu, udongo na ujenzi. Bibi wa jirani anayejua majina ya uyoga wa porini ni mwalimu asiyedai mshahara, ila heshima.

Kikwazo cha tatu ni usalama, na hiki hatukidharau hata kidogo. Mzazi anayesita kumwachia binti yake atoke ana sababu. Kuna wanaume wabaya barabarani, na tuseme kwa uchungu, wamo pia miongoni mwa wale waliopewa dhamana ya kulea. Kwa hiyo kila shughuli iwe na sheria zinazojulikana: mzazi aarifiwe kwa maandishi, saa ya kurudi itajwe na ishikwe, wawepo walezi wawili au zaidi, na angalau mmoja awe mwanamke, msichana asibaki peke yake na mtu mzima mmoja mahali pa faragha, na awepo mtu aliyetajwa kwa jina ambaye binti anaweza kumpelekea malalamiko bila kuadhibiwa. Mahali tunapokwenda pawe na choo na maji, maana wasichana wengi hukaa nyumbani siku zao za mwezi kwa kukosa vitu hivyo viwili tu. Kuhusu ndugu zetu wa Kivu, ambako mwaka 2025 vita viliifikia miji ya Goma na Bukavu, hatuwezi kuwaambia watoke waende mbali. Kwao, tamthilia ndani ya ukuta wa shule, kwaya, bustani ya mboga na kikundi cha kusoma vitabu ni malezi kamili, na pengine ndiyo dawa ya kwanza ya mioyo iliyotishwa.

Tunachowaomba

Kwa wakuu wa shule tunaomba shughuli hizi zitoke alasiri ziingizwe ndani ya ratiba ya asubuhi, hata kama ni saa mbili tu kwa wiki. Saa iliyo ndani ya ratiba ni ya kila msichana, wa bweni na wa nyumbani, tajiri na maskini. Saa iliyo nje ya ratiba ni ya yule ambaye nyumba yake imempa ruhusa. Tunaomba pia wasichana wenyewe wapewe nafasi ya kuchagua, kuongoza na kutoa hesabu ya fedha kidogo walizokabidhiwa. Klabu ambayo mlezi huamua kila kitu ni darasa lingine tu.

Kwa wazazi wetu wapendwa tunaomba saa moja na nusu, siku moja ya wiki. Siku hiyo binti asitumwe. Mtaona kwamba nyumba haitaanguka.

Na kwenu, vijana wa parokia, ombi letu ni zito zaidi. Vikundi vyenu vina wavulana wenye nguvu, ambao Jumapili huimba kwa sauti kuu kwamba wako tayari kumtumikia Bwana. Basi, wamtumikie bombani. Kila kijana mwenye dada shuleni achague siku moja ya wiki ambayo yeye atateka maji, atawasha makaa na kuosha vyombo, ili dada yake aende mdahaloni au kwenye mazoezi ya kwaya. Asitangaze, asidai shukrani, asipige picha. Watakaocheka watacheka wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu watazoea. Nanyi wasichana mliokwisha kumaliza shule, rudini mara moja kwa mwezi katika shule mliyosomea. Anayejua kushona alete sindano, anayejua kompyuta alete ujuzi wake, anayesoma chuo kikuu aje aeleze jinsi alivyofika huko. Mazzarello hakungoja kuwa na jengo.

Bwana alisema kwamba fungu la Maria halitaondolewa. Lakini katika nyumba ya Bethania kulikuwa na vyombo vya kuosha siku ile, kama vilivyopo katika nyumba zetu leo, na mtu fulani lazima avioshe. Tuulizane nani.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Katika kundi letu, wasichana wangapi wanashindwa kufika kwenye mikutano kwa sababu ya kazi za nyumbani? Wavulana wangapi?

2. Katika sikukuu iliyopita ya parokia, nani alishika kipaza sauti na nani alishika sufuria? Tutagawanaje kazi katika sikukuu ijayo?

3. Ni mahali gani pa kujifunzia, karibu na shule yetu, ambapo tunaweza kufika kwa miguu, wote, bila malipo?

4. Soma Luka 10, 38-42. Je, katika nyumba yetu Marta ni nani, na ni nani ambaye hajawahi kuitwa jikoni?